Usizioshe Seli Kama Unafua Jinzi

Wiki iliyopita dada mmoja anayesomea baiolojia ya molekuli aliniandikia: "Kaka, nakesha na hadubini, sioni hata seli moja inayogawanyika. Niache?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu huko Ujerumani. Jibu nililopewa mbele ya maabara nzima ni kwamba mikono yangu ni ya kushikia jembe. Bado linaniuma, sidanganyi.

Nilikuwa nakuza seli za HeLa, zile seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara nyingi. Kila kabla ya kupiga picha nilizisuuza mara tatu, kwa bidii, maana nyumbani nimelelewa kuosha chombo mpaka king'ae. Zilizobaki zilikuwa bapa, zimelala kama chapati kwenye kikaango. Miezi minne! Nilibadilisha chakula cha seli, nikabadilisha inkyubeta, nikafikia hadi kumshuku mwenzangu wa meza ya pili.

Kumbe nilikuwa nazimwaga mwenyewe. Seli inapojiandaa kugawanyika huachia sehemu kubwa ya mishiko yake kwenye sakafu ya sahani, hujikusanya, hupandisha shinikizo la ndani na kuwa duara kama tonge la ugali. Hapo imebaki na nyuzi chache tu za kushikilia. Ukiimwagia maji kwa kishindo, imekwenda. Mwaka 1963 Terasima na Tolmach walitumia udhaifu huohuo: walizing'oa taratibu zile za duara, wakapata kundi zima linalogawanyika kwa pamoja. Wao wakaandika makala. Mimi nikajaza chupa ya taka.

Kwa hiyo ushauri wangu: pole pole. Elekeza pipeti kwenye ukuta wa sahani, usiielekeze juu ya seli. Ushauri wa pili ni uleule, pole pole, safari hii unapozifunika seli kwa kioo chembamba. Nilipoacha kuzimwaga nilianza kuzibana, na seli iliyokosa nafasi ya kuwa duara hushindwa kupanga vizuri zile nyuzi zinazovuta kromosomu, vifurushi vya urithi vya seli. Nilipata picha za kromosomu zilizotawanyika ovyo, nikadhani nimegundua ugonjwa mpya.

Seli inahisi, jamani. Mwaka 1995 Xiantian Li na Bruce Nicklas walichunguza seli za korodani za vunjajungu. Kromosomu moja ikikosa mwenzake wa kuvutana naye, seli husita, haigawanyiki. Wakaivuta ile kromosomu kwa ncha ya sindano nyembamba. Seli ikahisi mvuto, ikaendelea na kazi kana kwamba mwenza amepatikana. Sindano tu!

Sasa ninyi mnaolilia hadubini za mamilioni, seli haijui bei ya mashine yako. Inajua mkono wako. Tunakimbilia kuchapisha, tunadharau kusuuza, halafu tunalalamika hatuna bahati. Mimi mwezi uliopita nimepata filamu yangu nzuri kuliko zote: seli moja, tangu inavyojikunja hadi inavyokatika kiunoni, muda wa saa moja na ushei. Yule wa jembe nilimtumia. Hajajibu.

Yule dada nilimwambia jambo moja tu: kabla hujamwaga maji ya kusuuzia, weka tone chini ya hadubini. Jana usiku kanitumia picha. Duara tupu, zimejaa, na mbili tayari zimeanza kubanwa kiunoni.

"Kaka," ameandika, "zote hizi nilikuwa natupa?"