Jibu: Tamasha la muziki wa panki (roki ya kasi na kelele) la kuchangia kisima, Mikindani, Mtwara

Ndugu uliyeuliza kama tiketi ya shilingi 3,000 itatosha kulipia tamasha na kubakiza pesa za kisima: itatosha, ukibana gharama. Fugazi, bendi ya panki ya Marekani, waliuza tiketi kwa dola 5 hivi, na waliweza kwa kubana gharama. Watu 150 ni 450,000. Jukwaa la kukodi linaweza kuzimeza zote. Pigieni muziki chini, bila jukwaa, uani kwa mtu au uwanja wa shule.

Umeme ndio unaoharibu shughuli. Jenereta ya kVA 3 (kipimo cha ukubwa wake, kimeandikwa juu yake) inatoa kama wati 2,400. Vyombo vyote pamoja visizidi wati 1,700, kwa sababu besi na dramu zikipiga pamoja mzigo unaruka ghafla na jenereta inazima. Taa ziwe na waya wake. Maiki zikae nyuma ya spika, la sivyo zitapiga mluzi usiku kucha.

Kibali anzeni kwa mtendaji wa kata na afisa utamaduni wa halmashauri, polisi wapewe taarifa mapema. Tarehe? Novemba, pesa za korosho zikiwa mkononi. Januari mvua itawafukuza.

Tiketi zenye namba, wahesabuji wawili wasio wa bendi, na jumla itangazwe kwenye maiki kabla watu hawajaondoka. Bendi zipewe nauli na chakula tu, mkubaliane kabla.