Bangili ya bandia na safari ya Idi

*Somo, asalaam aleikum. Nina miaka 34, naishi Kisauni na mume wangu na watoto watatu. Yeye ni mpishi hotelini Bamburi, mshahara shilingi 28,000, nami nauza mahamri. Idi ya mwaka jana mawifi zangu walipanga sare na biriani ya ukoo kwa mavyaa, Kibokoni. Sikuwa na pesa, nikaiweka rehani bangili ya dhahabu aliyoniachia mama, nikapewa 10,000. Mume hajui. Kila mwezi napeleka 1,000 isije ikauzwa. Mkononi nimevaa ya bandia, ngozi inageuka kijani, naisugua kwa ndimu kabla ya kwenda kwao. Sasa tuko kumi la pili la Ramadhani na mawifi wameandika kwenye grupu: Idi pili ukoo mzima unalala Diani, kila nyumba 8,000, na madera ya sare 1,800 moja. Yangu na ya mabinti wangu wawili. Mume keshajibu, "Inshallah tupo." Nifanyeje?*
*Mkono wa Kijani, Kisauni*

Aleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale pa ndimu.

Tufanye hesabu kwanza, maana naona wewe umeikwepa. Tangu Idi ile imepita miezi 11. Umepeleka 11,000 kwa deni la 10,000, na deni bado ni 10,000. Riba hiyo hukumu yake waijua, sikusomei. Diani nayo ni 8,000, madera matatu 5,400, jumla 13,400. Ni karibu nusu ya mshahara wa mumeo, na hapo hamjanunua mchele, mvulana hajavishwa, fitri haijatoka.

Unamlaumu mumeo kwa ile "tupo" yake, ingawa hukuiandika hivyo. Lakini yeye ajuavyo ni nini? Mwaka jana alikuona umependeza, biriani ikaliwa, hakuna aliyekuja kudai. Anaamini mahamri yako yanalipa. Wewe ndiye uliyemwaminisha.

Basi zungumza naye, usiku, akishatoka tarawehe na watoto wakishalala. Si magharibi mtu ana njaa. Wala usianze na dada zake! Ukianza nao atawatetea, mtalala mmepeana mgongo na bangili haijatajwa. Anza na mkono. Ivue mbele yake, mwonyeshe ile kijani, mwambie ya mama iko wapi na kwa nini. Atakasirika. Mwache akasirike, mwanamume akigundua mkewe aliweka rehani urithi wa mamake ili dada zake wale biriani, hasira nyingine huwa ni haya tu. Akishatulia, mpe ile hesabu kwenye karatasi. Mkononi mwake, asome mwenyewe.

Sasa tazama hili. Hizo 13,400 mlizokuwa mkazitafute, zikipatikana kwa njia ya halali, zinaikomboa bangili na zinabaki 3,400. Zisipopatikana, usiende kukopa kwenye simu. Afadhali bangili iuzwe. Najua ni ya mama, lakini dhahabu si ile ya zamani: mwaka 2025 bei yake duniani ilivuka dola 4,000 kwa aunsi, haikuwahi kufika hapo. Nendeni wawili, si wewe peke yako, mwombeni mwenye rehani ipimwe mbele yenu, ulizeni masonara watatu kabla ya kukubali bei. Deni litakatwa humo na huenda kikabaki cha maana. Mimi nadhani mama angependelea hivyo kuliko kukuona ukilisha mtu 1,000 kila mwezi.

Kuhusu Diani, anayewajibu mawifi ni mumeo. Hiyo ni damu yake. Wewe ukisema hamna pesa, utakuwa mke mchoyo aliyemfunga ndugu yao; yeye akisema, ni kaka yao amesema. Wala asijieleze sana. "Kulala hatutaweza mwaka huu, tutakuja mchana na mahamri ni juu yetu." Feri ya Likoni wenda kwa miguu hawalipi, mkishavuka mnapanda matatu, na pwani ya Diani haina mlango wa kulipia. Kinachokula 8,000 ni nyumba ya kulala. Watoto watakoga na binamu zao, jioni mnarudi Kisauni wamechoka na mchanga masikioni. Tena usishangae nyumba nyingine ikafuata. Kwenye grupu kama hilo hapakosi mwingine anayetoa jasho kimya kimya akingoja mtu wa kwanza kusema.

Sare ongea na wifi aliye mpole kidogo, yupo mmoja kila ukoo. Mwambie sare iwe leso badala ya dera. Doti moja Mtaa wa Biashara ni vipande viwili. Mama anajifunga kimoja, binti kimoja, na Idi ikipita leso ina kazi mwaka mzima. Dera la sare mtu hulivaa mara ngapi? Akikataa, njooni na nguo zenu.

Mimi mamangu, Mungu amrehemu, mwaka mmoja alinunua kitambaa cha bei nafuu, akatushonea watoto wote sita. Kilikuwa na maua makubwa mekundu. Tulipoingia Makadara Idi mosi jirani akauliza nani kaanua mapazia. Nililia njia nzima. Leo ndiyo Idi pekee ya utotoni ninayoikumbuka kwa ukamilifu, hata bei ya mabuyu. Sikwambii uwavishe wako mapazia. Nenda Kongowea mapema, asubuhi, kabla kumi la mwisho halijachemka, chagua nguo wanazoweza kuvaa tena Idi ya kuchinja.

Fitri itangulie mbele ya yote hayo. Nyie ni watu watano, kila mmoja pishi yake, karibu kilo 2.5, yaani kilo 12 na nusu za mchele kabla ya sala ya Idi. Hiyo itenge kando sasa.

Jambo jingine hukulitaja. Mumeo ni wa hoteli. Wageni wa Pasaka wakishaondoka, masika yakaingia, mwajua wenyewe Aprili hadi Juni siku za kazi zinavyokatwa, na muhula wa pili nao unafunguliwa humo humo. Pesa mtakayoimwaga Idi pili mtaitafuta mwezi wa Mei.

Halafu nunua kibubu. Mwaka wetu wa Kiislamu ni siku 354, mara nyingine 355. Idi huwahi kwa siku kumi na kitu kila mwaka, ndiyo maana inawakuta watu hawako tayari. Shilingi 30 kwa siku, bei ya mahamri machache, inafika 10,620 Idi ijayo. Kiwekeni mahali nyote wawili mnakiona.

Niandikie baada ya Idi. Na hiyo ya bandia ivue leo leo. Ndimu kamulia mbaazi.