Mapacha wa Kitabuni, Mtoto Mmoja wa Filamuni

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Nilimnunulia mwanangu wa miaka 14 vitabu viwili vya Star Wars kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba, barabara ya Tom Mboya, Nairobi. Kimoja ni cha mfululizo wa Young Jedi Knights, cha pili ni Lost Stars. Sasa analalamika: kile cha kwanza kinasema mashujaa Leia na Han Solo wana mapacha, Jacen na Jaina, ilhali kwenye filamu ya 2015 mtoto wao ni Ben. Je, niliuziwa vitabu bandia? Aanze na kipi?
Mama wa Umoja

JIBU: La, mama, hukupunjwa. Mwanao ameshika historia mbili za ulimwengu mmoja. Young Jedi Knights, vitabu 14, vilianza kutoka 1995, wakati filamu ya mwisho ilikuwa ya 1983 na waandishi walijaza pengo walivyoona. Disney ilinunua Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, 2012. Aprili 2014, ili filamu mpya zisibanwe na riwaya za zamani, riwaya hizo ziliwekwa kando kwa jina la Legends.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa hakimiliki. Riwaya ya kwanza ya historia mpya, A New Dawn, ilitoka Septemba 2014. Zilizotangulia, ukiacha zile zinazosimulia filamu zenyewe, ni Legends. Tazama mwaka wa kwanza kutolewa, si mwaka wa chapa. Nakala zilizochapwa upya huwa na utepe wa Legends juu ya jalada, lakini kuukuu za mitumba hazina, na hapo ndipo wengi hunaswa. Jina la mhusika nalo si kigezo: Thrawn yumo katika Heir to the Empire ya 1991, na yumo tena katika Thrawn ya 2017. Mwandishi ni yuleyule, Timothy Zahn. Historia ni mbili.

Lost Stars ya Claudia Gray (Septemba 2015, zaidi ya kurasa 500) ni ya historia mpya, na kwa maoni yetu ndiyo bora kati ya vitabu vyake viwili. Ciena Ree na Thane Kyrell, watoto wa sayari ya Jelucan, wanasomea urubani katika chuo cha Dola, utawala dhalimu wa hadithi hii. Baadaye Thane anahamia kwa waasi, Ciena anabaki kwa sababu ya kiapo. Kulipuliwa kwa sayari ya Alderaan, vita vya Hoth na vya Endor, yote yanaonekana kwa macho ya marubani hawa, na mwandishi haelezi upya kile filamu ilichokwisha kuonyesha. Asiyezijua filamu hizo atasoma juujuu. Basi aone ya 1977, ya 1980 na ya 1983, kisha asome, halafu arudie ile ya 2015: mabaki ya meli kubwa jangwani Jakku yatakuwa na maana nyingine kabisa. Mapenzi yamo, vifo ni vingi, ila kwa umri wake kinafaa.

Young Jedi Knights asikitupe. Akitafutie cha kwanza, Heirs of the Force, akisome bila kukilinganisha na filamu mpya. Ukirudi kwa mchuuzi, pinda mgongo wa kitabu polepole: gundi ya miaka ya tisini hukauka, na fungu la kurasa likichomoka huondoka zima. Pitia namba za kurasa za katikati kabla hujatoa pesa.