Subaru Nzima Nairobi, Mgonjwa Mombasa: Petroli Inakwama Wapi?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003 yenye injini ya EJ20. Tabo (kipulizia kinachosukuma hewa ndani ya injini) ya kiwandani ilitolewa ikafungwa kubwa zaidi, injekta (vinyunyizio vya petroli) ni za cc 550 kwa dakika, pampu ya petroli ni ya lita 255 kwa saa, na busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) naidhibiti kwa vali ya mkono, bar 1.2. Ilisetiwa Nairobi kwenye mashine ya rola (magurudumu yanazunguka, gari limesimama), na huko geji ya mchanganyiko inasoma 11.3 (uzito wa hewa kwa petroli moja) hadi juu kabisa. Rekodi ya kompyuta inaonyesha injekta zinafunguka milisekunde 17 kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, na 16.6 kwenye 6,500. Taabu ni nikiteremka Pwani. Kuanzia Voi, nikikanyaga gia ya tatu, ikifika 5,500 geji inapanda hadi 13.5, gari inasitasita kisha inakataa kwenda. Nilijaza tangi Mombasa nikajaribu tena, hakuna tofauti. Nikirudi Nairobi inapona yenyewe. Fundi mmoja anataka nibadilishe injekta, wa pili pampu, wa tatu anasema ni petroli chafu ya njiani. Nimsikize nani?

JIBU: Huyo wa petroli chafu mwache. Filta iliyoziba haizibuki kwa sababu gari limepita Mlolongo likirudi Nairobi. Ungerudi na ugonjwa wako hadi nyumbani. Hitilafu inayokuja na kuondoka kufuata mwinuko wa ardhi inataka kwanza tuangalie hewa, kisha ndipo tuulize habari za petroli.

Geji yako ya busti inapima presha inayozidi ile ya hewa ya nje, basi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya takriban bar 0.83. Ongeza 1.2 yako, ndani ya manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye silinda) mna bar 2.03. Mombasa hewa ya nje ni bar 1.01. Ile vali ya mkono na springi ya tabo zinasukumana na hewa hiyo hiyo ya nje, kwa hivyo geji itasoma 1.2 vile vile, ila ndani sasa mna 2.21. Umeongezewa hewa kwa karibu asilimia 9 bila kugusa kitu. Joto la Pwani linapunguza faida hiyo kidogo, maana hewa ya moto ni nyepesi, kwa hivyo tuseme ni kati ya asilimia 6 na 9. Petroli nayo lazima iongezeke kwa kiasi hicho. Vali ya mkono haijui kama iko Athi River au Mtwapa.

Sasa tuzipigie hesabu injekta. Kwenye mizunguko 5,500 kila silinda ina milisekunde 21.8 za kukamilisha zamu yake (mizunguko miwili ya injini). Injekta iliyofunguka milisekunde 17 imetumia asilimia 78 ya muda huo. Ongeza asilimia 9 za Pwani, inakuwa milisekunde 18.5, yaani asilimia 85. Bado ina nafasi. Ikifika 6,500 zamu inafupika kuwa milisekunde 18.5, na hapo zile 16.6 zinapanda hadi 18.1, asilimia 98, ambayo ni ukingoni kabisa. Kwa hivyo injekta zako ni ndogo kwa Pwani, fundi wa kwanza hakukosea kote. Lakini gari lako linaanza kukataa kwenye 5,500, mahali ambapo injekta bado zinapumua. Ukizibadilisha leo utatumia pesa nyingi na gari litakataa pale pale.

Halafu itazame ile 13.5. Kutoka 11.3 hadi 13.5 maana yake injini inapata karibu asilimia 16 pungufu ya petroli inayoitaka. Injekta ikiwa wazi muda uleule, kinachoweza kupunguza mtiririko namna hiyo ni presha kushuka. Na mtiririko hauendi sawa kwa sawa na presha, unafuata kipeuo cha pili chake. Ili upoteze asilimia 16 za petroli, tofauti ya presha kati ya reli (paipu inayogawia injekta petroli) na manifoldi lazima iwe imeanguka kutoka bar 3 hadi kama 2.1. Huo si upungufu wa kuoneaona, ni anguko ambalo geji ya presha ya petroli italionyesha hata kwa mtu asiyevaa miwani yake.

Geji hiyo huna, au hukuitaja. Hapo ndipo pa kuanzia. Usivute paipu ya petroli kuileta ndani ya gari ili uone geji ukiendesha. Nimeona watu wakifanya hivyo na sitaki hata kulifikiria. Funga sensa ya umeme kwenye reli ya mafuta, waya wake ndio uingie ndani, namba isomwe kwenye rekodi pamoja na busti na mizunguko. Kwanza injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa), chomoa paipu ndogo ya vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli), uizibe: utafute bar 3.0. Irudishe. Kisha panda mashine ya rola, si Barabara ya Mombasa yenye malori, na utazame kitu kimoja: busti ikipanda bar moja, petroli nayo ipande bar moja. Kwenye busti ya 1.2 reli isome 4.2. Kama hesabu yangu ni sawa, gari likiumwa utaona kama 3.3.

Ikibaki 4.2 wakati geji ya mchanganyiko inapaa, nimekosa mimi, na kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni plagi. Cheche ikizimwa na busti, hewa isiyoungua inatoka na oksijeni yake, na sensa ya kwenye egzosi inasoma oksijeni, haisomi petroli. Inakuambia mchanganyiko ni mkavu (petroli ni chache) kumbe silinda imemisi tu. Hewa nzito ya Pwani inafanya cheche ipate taabu zaidi kuruka, kwa hivyo dalili zinafanana sana na zako. Punguza nafasi ya plagi, kwa mfano kutoka milimita 0.8 hadi 0.6, ujaribu tena. Ni kazi ya bei rahisi kuliko zote, japo kwa injini hii ya bapa plagi zimejificha ubavuni na zitakuchuna vidole. Wa pili ni sensa ya hewa inayoingia. Kama kwenye rekodi volti zake zinagonga 5 na kubaki hapo wakati mizunguko inaendelea kupanda, kompyuta imepofuka: hewa ile ya ziada haioni, na haiwezi kuipimia petroli.

Lakini mimi dau langu ni kwamba presha itaanguka, na hapa fundi wa pili atashangilia mapema. Piga hesabu nyingine. Injekta nne za cc 550 zikiwa wazi muda wote zinamwaga lita 132 kwa saa. Wewe kwenye 5,500 unataka kama lita 112. Pampu halisi ya 255, hata ikisukuma dhidi ya bar 4.2, inatoa zaidi ya mahitaji hayo kwa mbali, mradi ipate umeme wake kamili. Kwa hivyo pampu ikishindwa, ama si ile iliyoandikwa kwenye boksi, na bandia zimejaa madukani, ama ina njaa ya umeme.

Njaa ya umeme ndiyo naishuku zaidi. Waya za kiwandani zilipimwa kwa pampu ndogo, na hiyo mpya inakula zaidi. Gari hili pia lina kidhibiti kilichofichwa nyuma ambacho huipa pampu umeme kwa ngazi, asilimia 33, 66 na 100, ili isipige kelele gari likiwa limetulia. Nairobi asubuhi yenye ubaridi mambo yanaenda. Mombasa feni zote zinazunguka, kipozea hewa kimewashwa, joto limemfanya oltaneta apunguze volti zake, na pampu imesukuma petroli yenye moto kwa safari ya kilomita karibu 480. Inaombwa zaidi wakati inapewa kidogo.

Kupima: multimita, ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye waya chanya wa pampu juu ya tangi, gari likiwa kwenye rola na mguu chini kabisa, feni na taa zikiwaka. Namba ikizidi volti 0.5, kuna mahali umeme unapotelea. Rudia upande wa ardhi, kwa sababu watu wengi hubadilisha waya mwekundu na kuuacha mweusi uliooza. Ukikuta tatizo, vuta waya mnene mpya kutoka betri, fyuzi ikae karibu na betri, upitie rilei. Ila rilei hiyo usiiwashe kwa waya unaotoka kwenye kile kidhibiti; umeme wake unakatika-katika na rilei itatetemeka hadi iungue. Wala usiiwashe kwa swichi ya ufunguo, kwani gari likigonga pampu itaendelea kumwaga petroli. Chukua amri kutoka rilei ya pampu ya kiwandani, ambayo kompyuta huikata injini ikizima. Baada ya hapo pima tena bar 3.0 ya mwanzo, maana pampu ikienda kasi muda wote regyuleta ya zamani yaweza kushindwa kurudisha ziada tangini.

Volti zikiwa nzuri na presha bado inaanguka, ndipo ufungue tangi. Tazama soksi ya pampu, paipu fupi ya ndani kama imepasuka au klipu imelegea, na filta. Hukusema tangi lilikuwa na kiasi gani ulipoanza kuugua Voi, lakini kwa kuwa kulijaza hakukusaidia, simshuku mshipa unaohamisha petroli kutoka upande mmoja wa tangi kwenda wa pili.

Kabla hayo hayajakamilika, ukiteremka Pwani legeza vali hadi bar 0.9 na usikubali mtu akuongezee petroli kwenye kompyuta ili geji isome vizuri. Pistoni za EJ20 huvunjika kwenye kingo za ringi mchanganyiko ukikauka chini ya busti, na hapo mazungumzo yetu yatakuwa ya injini nzima. Umeme ukishapona, injekta nazo utazinunua, za cc 650 kwenda juu, kwa sababu ya ile asilimia 98. Na gari lisetiwe upya huko huko Pwani. Niletee namba tatu: presha ya reli, volti za pampu na volti za sensa ya hewa, zote kwenye 5,500.