Kamera zinanasa wanyama kwenye ushoroba. Je, inatosha?

SWALI: Tuna vipande viwili vya msitu vinavyotenganishwa na mashamba na barabara ya lami. Katikati umebaki ukanda mwembamba wa miti. Kamera tulizotega humo zinanasa wanyama kila wiki. Tuseme ushoroba, yaani njia ya wanyama kati ya misitu, unafanya kazi?

JIBU: Msiseme bado. Picha inathibitisha kwamba mnyama alikuwa pale, si kwamba alifika ng'ambo. Huenda anaishi humohumo ukandani, au aliingia kutafuta malisho akarudi alikotoka. Kinachounganisha misitu ni yule anayevuka, mara nyingi dume kijana aliyefukuzwa kwao, akapata eneo na kuzaa huko.

Kwa hiyo msiongeze kamera katikati. Zihamishieni kwenye ncha mbili. Kama kuna chui, linganisheni madoa ya ubavuni, maana hakuna wawili wanaofanana. Mkiweza, okoteni kinyesi kibichi pande zote mbili kipimwe vinasaba. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Wavukaji hawahitajiki wengi. Wataalamu wa jenetiki hukadiria mmoja hadi 10 wanaofanikiwa kuzaa kwa kila kizazi. Wakikosekana kabisa, ndugu huzaana. Puma (paka wakubwa wa porini) wa Florida, Marekani, walifikia hali hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: walibaki 20 hadi 30, mikia imepinda, madume wengine korodani hazijashuka. Mwaka 1995 wakaletwa majike 8 kutoka Texas. Watano tu ndio waliozaa, lakini idadi ilipanda na kasoro zikapungua. Kule mwanadamu ndiye aliyegeuka ushoroba, kwa gharama kubwa.

Wembamba wa ukanda wenu nao unanitia shaka. Jua na upepo hupenya kutoka kingoni, na baadhi ya ndege wa kivulini huukwepa. Wanyama wakubwa hawajali sana hilo. Kwao kikwazo ni barabara, na hata kivuko, yaani daraja au njia ya chini ya barabara iliyojengwa kwa ajili ya wanyama, kina wateja wake: huko Banff, Kanada, dubu wa kahawia na mbwamwitu hupendelea vivuko vipana vilivyo wazi, ilhali puma na dubu weusi hupita kwa urahisi kwenye vyembamba vyenye dari ya chini.

Kabla ya kupanda mti mwingine, fuateni nyayo hadi ukanda unapokutana na lami. Zikigeukia hapo, mnachohitaji ni kivuko, na uzio wa kuwaelekeza wanyama kukifikia.