Jibu: Nyani wa Baboon Cliff, Nakuru
Ndugu, umeuliza kama ni salama kushuka garini na watoto pale Baboon Cliff, katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Watalii hushuka hapo kutazama ziwa, lakini tatizo kubwa ni chakula: nyani wa pale wamezoea watu, wanautambua mfuko wa vyakula kwa mbali, na dirisha lililoachwa wazi kidogo kwao ni mlango. Kuleni kabla ya kupanda huko, fungeni vioo vyote, na msiwalishe kamwe, kwani sheria za mbuga zinakataza.

Dume akiwakaribia, msimkodolee macho wala msikimbie, bali mbebeni mtoto mdogo na kurudi nyuma polepole. Akipiga miayo na kuonyesha meno, msidhani ana usingizi. Hilo ni onyo. Akishanyakua kitu, mwachieni (mimi niliwahi kung'ang'ania mkate, na sitarudia). Akimwuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitalini siku hiyo hiyo, ambako daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa.