Mkali au mpole, mimi naangalia nani anabeba kosa

Wakuu, mleta mada ameuliza kiongozi bora tumpime kwa kipi, na wengi mmejibu awe mkali, kwamba watu wetu bila kusukumwa hawaendi. Mimi nimefanya kazi chini ya mkali miaka minne, kwenye stoo ya vyombo Kariakoo. Bosi wetu alikuwa hodari kweli. Saa 1 asubuhi yupo, mzigo wa kontena anaujua kwa macho tu. Ila tajiri akija kukagua, neno lake lilikuwa moja: "Hawa vijana wameniangusha." Hata kwa oda aliyoiandika yeye mwenyewe.

Sisi tukajifunza kuficha. Katoni ya glasi ikivunjika inasukumwa nyuma kabisa, juu yake zinapangwa nzima, na siri inafichuka siku mteja wa Morogoro ameshalipa na kuondoka. Ukali wote ule haukuokoa glasi hata moja, ulichelewesha tu habari. Mikono yangu nayo ilizisukuma zile katoni, na mpaka leo inaniuma.

Nikaja kuona kitu kingine kabisa Buguruni, kwenye kikoba chetu. Tulikuwa wanachama thelathini, tunakutana kila Jumapili, sanduku la kufuli tatu na kila ufunguo kwa mtu wake. Mkopo ni mara tatu ya hisa zako, na lazima upitishwe kikaoni. Mwenyekiti alikuwa mama ntilie, mpole mno, sauti yake unaisikia kwa kumsogelea. Siku moja mwenzetu akaomba 900,000 katikati ya wiki, mtoto anaumwa. Mama akawapigia simu wenye funguo, pesa ikatoka. Miezi miwili baadaye yule mwenzetu akahama, simu haipatikani.

Hakuna aliyekuwa ameuliza bado. Mama alisimama mwanzoni kabisa mwa kikao, kabla hata hisa hazijakusanywa, akasema: "Wanangu, ule mkopo niliuruhusu mimi, kinyume cha katiba yetu. Wenye funguo msiwaguse, walinitii. Mtanikata kwenye mgawo wangu." Pakawa kimya. Kisha mweka hazina, ambaye wengi tulimwogopa kwa ukavu wake, akanyoosha mkono na kusema daftari lake la mfuko wa jamii lina upungufu wa 40,000, ameukosea mwezi uliopita na hajalala vizuri tangu siku ile. Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Mama alipobeba lake, wengine wakapata pa kutulia na kutoa ya kwao.

Marehemu baba alipenda kunihadithia habari za Mzee Mwinyi. Miaka ya 1970 akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watu waliokamatwa Mwanza na Shinyanga katika msako wa mauaji ya vikongwe waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, wengine wakafa. Yeye hakumpiga mtu. Wizara ilikuwa yake, akajiuzulu. Mwaka 1985 akaapishwa kuwa rais. Baba aliisimulia hii mara nyingi kuliko habari yoyote ya ruksa na maduka kujaa, na nikiwa mdogo sikujua kwa nini.

Desemba ile Mama alikatwa kweli, akapokea mgawo mdogo kuliko sisi wote. Tulipopiga kura Januari, alipata zote isipokuwa yake mwenyewe.

Sasa hivi mwenyekiti ni mimi. Mwezi wa tatu nilisahau kupeleka rambirambi ya mwanachama aliyefiwa na mama yake Kisarawe, bahasha ikalala kwenye droo yangu siku tisa. Jumapili nilisimama kuwaeleza kabla ya hisa, miguu inatetemeka. Yule Mama aliyenitangulia uenyekiti alikuwa amekaa mstari wa mbele, akanisogezea kiti.